Gari Imechemsha

Juzi hapa Isiolo niliona pikapu ikifuka mvuke, nikakumbuka safari yetu ya pwani nilipokuwa mdogo. Tulikuwa tukilala kwenye lori kuukuu la baba, juu ya magodoro yaliyonuka dizeli. Mchana mmoja liligoma tena, bahari ikivuma karibu.

"Imechemsha," baba alisema kwa sauti iliyochoka.

Nikadhani ni chai. Nikamkimbilia na kikombe. Mama alikuwa ameshika mtungi wetu wa maji ya kunywa, ambao baba alikuwa ameumalizia kwenye rejeta, kupoza injini. Baba, ambaye hakuwa amekunywa chochote tangu asubuhi, alikiinamisha kikombe penye mvuke, akajifanya kunywa polepole.

"Iko tamu," akasema.

Nililia sana kwa kuwa hakuniachia hata tone.