Dawa ya Viatu Kanisani kwa Wakwe

Haya mambo nimeyaficha tangu nirudi, hata kibandani Mwenge wakiniuliza safari ilikuwaje nasema nzuri, nzuri, halafu nashika tupa, nasugua mbao, najifanya nina oda ya mtu, lakini nimeshafika miaka sabini na sitaki kuzikwa na aibu isiyo na shahidi, kwa hiyo bora niitoe: mie Ambrosi, mchonga vinyago, niliwatia weusi mdomoni watu wa kijiji kizima, tena kanisani, tena siku ya sikukuu yao.

Nianzie kwa binti yangu Skola. Mgiriki mmoja anaitwa Niko alikuja kibandani kwangu kununua kinyago, akaondoka na Skola (kinyago alikisahau, ninacho mpaka leo). Wakaoana, wakaenda kuishi kisiwani kwao, wakapata mtoto wa kike, wakanitumia tiketi nikamwone mjukuu. Kisiwa sikitaji jina, ila kinajulikana kwa muziki wa kukesha, vijana wa dunia nzima wanakwenda kuruka nusu uchi, na jirani yangu wa kibanda, Saidi, alikuwa ameshayaona kwenye simu.

"Mzee Ambrosi, turushie video za disko."

Nikamjibu kwa maringo, watu wanasikia, "Mie disko nilimalizana nalo Temeke zamani hizo. Naenda kuona mila za watu, wanavyosali, wanavyochonga."

Nilipofika, kabla ya kunipeleka kijijini kwa mama mkwe wake, Skola akanikalisha chini. "Baba, nakuomba. Huyu mama miaka mitatu hajawahi kuniita kwa jina langu, mie kwake ni mke wa Niko tu. Keshokutwa ni sikukuu ya kanisa lao. Usifanye chochote, kaa tu, akuone mtu mwenye adabu." Nikasema sawa mwanangu, na nilimaanisha.

Kumbe kule ukoo unaweza kuwa na kanisa lao wenyewe, kadogo, kamepakwa chokaa, wakiingia watu thelathini wengine wanasalia nje. La kina Niko ufunguo anao huyo mama, bibi Eleni, mjane, gauni jeusi kila siku, maneno yake machache kama ya mtu anayelipia simu. Ndani kuna picha ya mtakatifu wao kwenye fremu ya mbao, na fremu hiyo aliichonga marehemu mumewe kwa mkono wake, mizabibu na ndege, ila moshi wa mishumaa ulikuwa umeifubaza, kazi ya fundi imekaa kama kuku aliyenyeshewa. Mie roho iliniuma.

Siku ya tatu, asubuhi ya sikukuu, nikakumbuka nilivyolelewa Newala, mgeni siku ya tatu mpe jembe, nikamfuata bibi Eleni nikamwonyesha mikono yangu mitupu. Akanitazama sana. Akanipa kitambaa na chupa ya mafuta ya zeituni, akanyoosha kidole kwenye fremu, akaenda zake kukata mikate.

Sasa mafuta ya kula nipake mbao, halafu iweje? Begini nilikuwa na kopo la dawa ya viatu nyeusi na brashi, mie hutembeaga navyo kama mwingine anavyotembea na ugoro, maana sie Mwenge (wanunuzi msisikie) si kila kinyago cheusi ni mpingo. Nikafunga mlango. Nikapaka, nikasugua, ndege wakatokea, zabibu zikatokea punje kwa punje, nikajikuta naongea na marehemu, namwambia fundi, hapa patasi uliigeuza vizuri. Ikang'aa mpaka nikaona uso wangu.

Nilichosahau ni kwamba nyumbani tunaiacha dawa ilale, ikauke, na mbao ile ilikuwa imeshiba mafuta ya miaka na miaka, haikunywa kitu. Na nilichokuwa sijui ni kwamba wale watu picha hawaitazami tu. Wanaibusu. Yenyewe ina kioo, kwa hiyo wanaishika fremu kwa mikono miwili, wanabusu mbao ya chini, halafu wanafanya ishara ya msalaba juu ya mashati meupe.

Ibada ilipoanza, wa kwanza alikuwa kasisi, ndevu nyeupe kama pamba. Aliinama mzee, akainuka na ndevu za kijana. Akafuata bibi Eleni, akafuata mzee wa fimbo, kila anayeinuka mdomo kama ametoka kula zambarau, na kwa kuwa wote wanatazama mbele hakuna anayemwona mwenzake. Ningesema neno pale pale wangechafuka watatu tu. Nikanyamaza nikimwomba mtakatifu dawa iishe, haikuisha, maana mie nikipaka napakaga ya kutosha. Mwisho Niko akamwinua mjukuu wangu, mtoto akarudi na masharubu ya askari wa zamani, anacheka.

Skola amekulia chini ya meza ya kibanda changu, harufu ile anaijua kama ya mamake. Akageuka taratibu.

"Baba."

"Naam."

"Umepaka nini?"

"Kidogo tu."

"Kasisi ana mdomo mweusi, Baba."

"Na bibi Eleni," nikamwambia, maana uongo haukuwa na pa kujificha.

Wakati huo mama mmoja mlangoni akamwona mumewe, akaangua kicheko, mume naye akamwona yeye, akacheka zaidi, watu wakaanza kutazamana, kisha wakaitazama fremu, kisha wakanitazama mie, brashi inachungulia mfukoni. Kicheko kikakatika. Skola machozi yanamlengalenga, na mie nikajua miaka mitatu ya mwanangu ya kujipendekeza nimeimaliza kwa kopo moja.

Bibi Eleni akaiendea fremu. Akapitisha kidole juu ya ndege mmoja. Halafu akachukua chupa ile ile ya mafuta niliyoidharau, akaniwekea mkononi, akanionyesha watu.

Kumbe mafuta ndiyo yanayoitoa. Nikakaa kwenye ukuta nje, wakapanga foleni, nikawafuta nyuso mmoja mmoja. Ndevu za kasisi ndizo zilizochelewa, akanisimulia jambo refu sikulielewa, nami nikamsimulia Newala hakuielewa, tukakubaliana. Wa mwisho akaja bibi Eleni, akafumba macho kama mtoto, nilipomaliza akasema neno.

"Anasema marehemu naye akishika mbao alikuwa haambiliki," Skola akanitafsiria.

Mama yule akamgeukia. "Skola," akasema, jina lake mwenyewe, halafu mengine kwa Kigiriki.

Binti yangu akanitazama mie.

"Umeitwa," nikamwambia.

"Anasema nikuletee kiti, Baba," akasema, akakimbia kukileta.

Mchana wakacheza, wameshikana mabega, wengine pembe za midomo bado nyeusi, nami nikatiwa kwenye mstari. Video nikamtumia Saidi. Akauliza, "Hao midomo imekuwaje, mzee?" Nikamjibu ni mila yao.

Saidi, nisamehe ndugu yangu, si mila. Na kopo siku hizi silibebi, mtu akinipa mafuta, napaka mafuta.