Dola Iliyochanika

Juzi nilikuwa nimepanga mstari kwenye kibanda cha kutuma pesa, hapa sokoni Baraka. Mbele yangu alisimama mwanaume kutoka kijiji cha Nundu. Alikuwa ameuza shamba lake la mihogo ili alipie kozi ya opsheni, ile biashara ya kubashiri bei mtandaoni, akawa anamweleza mama wa kibanda.

"Unalipa kidogo leo, unapata haki ya kununua kesho kwa bei ya leo. Bei ikipanda, faida ni yako."

"Na ikishuka?"

"Ile ndiyo batatufundisha."

Mama aliinua noti moja moja kwenye mwanga. Ya mwisho, ya dola ishirini, akairudisha kwa vidole viwili. "Papa, hii haipite. Iko na mupasuko." Ulikuwa mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga. "Na huyo mwalimu, ulishamuona?"

"Hapana. Ananiandikia tu ku telefone. Anasema kesho kozi itapanda bei."

Akaikunja noti, akaikunjua, akatazama barabara ya kwenda kwao. Nilidhani ataondoka. Badala yake alinigeukia. "Kaka, unisaidie na ingine."

Ndivyo tulivyo hapa. Dola iliyochanika kidogo tunaikataa, lakini mtu tusiyemjua hata sura tunampa shamba. Nami nilikuwa na maneno ya kumwambia, nikaona haya kumwingilia mtu mzima. Nikambadilishia noti, mama akatuma.

Ile yake bado ninayo. Nimeipeleka maduka manne, na kila muuzaji anaitazama vizuri kabla ya kunirudishia.