Mama Ukuta na Kidole Kilichogoma

Risasi yake ya mwisho haikugusa hata kadi ya kulengea. Ilipita juu ya shabaha, ikagonga ukuta wa nyuma na kubandua kipande cha rangi, na ukumbi mzima ukakisikia kikianguka sakafuni. Mpaka hapo alikuwa anaongoza. Aliwaacha wenzake kwa mbali kiasi kwamba hata risasi ya ovyo, ya mtu anayelenga huku akipiga chafya, ingempa kombe. Badala yake alishuka mpaka mkiani mwa fainali. Kabla hajaiweka bastola mezani, mtu mmoja kwenye viti alishacheka, akafuata wa pili, kisha safu nzima.

Kesho yake kazini alikuta ana jina jipya: Mama Ukuta.

Alikuwa mfuaji nguo wa hospitali, mwanamke wa makamo, mwenye mikono minene na mdomo usiolala njaa. Chumba chao cha kufulia kilikuwa chini kabisa, karibu na ghala la dawa, chenye mashine zinazonguruma tangu asubuhi na mvuke unaomfanya kila aingiaye apanguse miwani. Shuka zilishuka kutoka wodini zikiwa na kila aina ya doa ambalo mwili wa binadamu unaweza kutoa, na zilipanda zikiwa nyeupe, zimekunjwa, bado zina joto. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na hakuwahi kuionea haya.

Kwenye kulenga shabaha aliingia kama mtu anayesukumwa. Hospitali ilikuwa na timu ya bastola ya upepo kwa ajili ya mashindano ya wafanyakazi, na mwanamke mmoja wa timu alikuwa ameenda likizo ya uzazi. Kocha wao, mstaafu wa jeshi ambaye sasa alikuwa mkuu wa walinzi wa getini na aliyejulikana na wote kama Sajini, alishuka kule chini kutafuta taulo, akamwona akiinua beseni la shuka mbichi kwa mkono mmoja. Akamwambia, "Wewe, jioni uje."

Alienda kwa kutaka kujua tu, lakini akanogewa. Nyumbani aliitwa, kazini aliitwa, hata msalani alibishiwa hodi. Pale kwenye mstari, mkono ukishainuka, hakuna aliyeruhusiwa kumwita. Alisimama ubavu, akanyoosha mkono, akaangalia kile kidude cha kulengea kilicho mbele ya bastola kikitulia chini ya duara jeusi, na dunia yote ikabaki hapo. Ndani ya msimu mmoja alikuwa hodari kuliko wote waliomtangulia. Ndipo ikaja ile fainali, na ule ukuta.

Utani kazini ulimfuata kama nzi. Dereva wa ambulensi alichungulia dirishani kila asubuhi. "Mama Ukuta, leo utalenga wapi, nikaegeshe mbali?"

"Egesha popote," alimjibu. "Ukitaka usalama, simama mbele ya shabaha."

Wenzake walicheka mpaka wakaegemea mashine. Naye alicheka, maana hakuwa mtu wa kufa kikondoo. Lakini lilikuwapo jambo ambalo hao wacheshi hawakulijua. Tangu siku ile, kidole chake kilikuwa kimegoma.

Akiwa peke yake mazoezini alipiga vizuri kama zamani. Lakini mtu akisimama nyuma yake, hata mfagiaji aliyekuja kuchukua ndoo, mambo yaliharibika. Mkono ulinyooka, kilengeo kilitulia mahali pake, kila kitu kikawa sawa, na kidole kikakataa kuvuta triga. Alikiamuru, hakikusikia. Mkono ukaanza kuchoka, duara jeusi likaanza kucheza, halafu kidole kikaruka chenyewe kwa woga, kama mtu anayefumba macho kabla ya kudungwa sindano. Risasi ikaenda ilikotaka.

Kila mtu akageuka mganga. Mfamasia alimwambia ahesabu kurudi nyuma. Muuguzi wa zamu alimshauri anywe maziwa ya moto. Mumewe, fundi wa makochi ambaye hakuwahi kushika hata manati, alimwambia avute pumzi. Katibu wa michezo, karani mmoja nadhifu wa ofisi ya utumishi, ndiye aliyetoa dawa mbaya kuliko zote: "Mama, ukiwa pale usifikirie kitu chochote."

Alijaribu. Lakini mtu ukimwambia asifikirie ukuta, ataona nini kingine?

Siku moja Katibu aliteremka mwenyewe kwenye chumba cha kufulia, akasimama mlangoni ili mvuke usimharibie shati.

"Mama, tumekaa kama kamati. Tumeonelea upumzike. Nafasi yako tumpe yule binti wa maabara."

"Nani kawaambia nimechoka?"

"Si kuchoka. Mchezo huu ni kichwa, mama. Mkono unao, hilo hatukatai. Lakini kichwa..." Akaishia hapo, akapunga mkono hewani.

"Malizia. Kichwa kimefanya nini?"

"Tusifike huko. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani."

Alikunja shuka aliyokuwa ameishika, akaipiga juu ya rundo, akamkazia macho. "Basi mimi si mshindani, mimi ni mbishi. Mkitaka kunitoa nitoeni kwa alama. Kwa kamati sitoki."

Walikuwapo mashahidi wengi mno kwa Katibu kujifanya hakusikia. Ikabidi akubali: Mama Ukuta na binti wa maabara watalenga mbele ya timu nzima, atakayeshinda ndiye atakayekwenda kwenye mashindano.

Jioni hiyo alimfuata Sajini kwenye kibanda cha getini. Mvua ilikuwa inanyesha, na Sajini alikuwa akiandika namba za magari bila kuinua kichwa.

"Sajini, kidole changu kimenisaliti."

"Kidole hakina akili ya kusaliti. Siku ile ya fainali, risasi ya mwisho, ulikuwa wapi?"

"Si uliniona? Nilikuwa kwenye mstari."

"Miguu yako niliiona. Nakuuliza wewe ulikuwa wapi?"

Aliipangusa mvua usoni. Kisha akasema ukweli ambao hajamwambia hata mumewe. Alikuwa jukwaani. Alikuwa ameshapokea kombe, ameshapigwa picha, ameshaanza kuchagua mahali pa kuliweka sebuleni ili shemeji zake wakija walione kabla ya kukaa.

"Ehee," alisema Sajini, akaweka kalamu chini. "Basi pale kwenye mstari hakukuwa na mtu. Bastola ilijifyatukia yenyewe. Na sasa unaenda mazoezini, lakini wewe uko kule kule ukutani unaokota rangi. Bado hakuna mtu."

"Nifanyeje? Nimejaribu kutulia, nimeshindwa."

"Nani kakwambia utulie? Mimi nimelenga miaka yote ya jeshi, sijawahi kutulia hata siku moja. Mkono ulio hai unatetemeka. Acha utetemeke. Wewe macho yako yawe kwenye kilengeo, uvute triga polepole huku unatetemeka. Na ukiona akili imetoka, shusha mkono."

"Nishushe? Na watu wanaangalia?"

"Kwani watu ndio wanaolenga? Kanuni inakuruhusu kushusha. Wengi wanapiga risasi mbovu kwa sababu wanaona aibu kushusha mkono."

Hilo la kuona aibu lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Alikumbuka jinsi mazoezini mkono ulivyokuwa ukimwambia aushushe, naye akaulazimisha kwa ajili ya macho ya watu. Akaondoka getini na mvua yake, akiwa ameudhika, si kwa Sajini bali kwa nafsi yake.

Nyumbani waliishi na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke aliyejaliwa sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Wifi ndiye aliyegeuzwa adui wa mazoezi. Mama Ukuta alisimama jikoni, amenyoosha mkono, ameshika chupa iliyojaa maji, macho kwenye msumari ukutani. Wifi alipewa ruhusa ya kufanya lolote isipokuwa kumgusa.

Alianza na masufuria. Aliyagonga, akayaangusha. Mkono haukuyumba. Akaimba. Mkono haukuyumba. Akasogea sikioni, akasema kwa sauti ya huruma, "Wifi, sikutaka kukwambia. Kaka yangu ameoa mke wa pili."

Chupa ikayumba. Mama Ukuta akashusha mkono.

"Umeshindwa!" wifi akapiga vigelegele.

"Sijashindwa. Nimeshusha."

"Tofauti yake nini?"

"Kushindwa ni kupiga huku namfikiria huyo mke mwenzangu. Haya, ngoja niinue tena. Na huyo bibi harusi mwambie aje anisaidie kuosha vyombo."

Walicheka, wakaendelea. Jioni baada ya jioni wifi aligundua misiba, mafuriko na posa za ajabu, na jioni baada ya jioni mkono ulipanda, ulishuka, ukapanda tena. Mumewe, aliyesikia akiozeshwa wanawake tofauti jikoni mwake mwenyewe, aliomba angalau apewe picha zao.

Siku ya kupimana na binti wa maabara, kidole kiligoma tena. Lakini safari hii hakugombana nacho. Alishusha mkono, akatazama viatu vyake, akainua upya. Katibu alikohoa kila aliposhusha. Alimwacha akohoe. Binti wa maabara alilenga haraka na vizuri, ila hakujua kushusha, na risasi zake mbili tatu zilitangatanga. Mama Ukuta alimpita kwa alama chache mno, akabaki kwenye timu. Binti alikuja kumpa mkono kwa moyo mweupe. Katibu alisema, "Tutaona kwenye fainali," kama anayesoma hukumu.

Fainali ikafika. Ukumbi ulikuwa mwingine, lakini vicheko vilikuwa vile vile, na alipoitwa jina lake kwenye kipaza sauti kuna waliolisahihisha kwa kelele: "Ukuta! Ukuta!" Aligeuka akawapungia mkono kama bibi harusi. Ndani alikuwa na hofu tele. Hakuomba iondoke. Alipiga moyo konde, akaiacha imfuate mpaka kwenye mstari.

Alilenga risasi baada ya risasi, huyu akitolewa, yule akitolewa, mpaka wakabaki wawili: yeye na mwalimu mmoja wa michezo, mtu mtulivu aliyemzidi kidogo. Risasi ya mwisho ikatangazwa. Mwalimu akapiga mapema, akapata alama nzuri, akaweka bastola chini. Macho yote yakahamia upande mmoja.

Akainua mkono. Kilengeo kikatulia. Na hapo hapo akaisikia ile rangi ikianguka sakafuni mwaka uliopita. Kidole kikawa mti.

Akashusha.

Mnong'ono ukapita ukumbini. Katibu, kwenye safu ya mbele, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Akainua tena. "Piga, mama, muda!" mtu akapayuka, na mwingine akadakia, "Ukuta unakungoja!" Damu ikamchemka. Alitaka kufyatua hapo hapo ili awazibe midomo, na kidole, kwa mara ya kwanza, kilikuwa tayari kabisa. Hiyo ndiyo iliyomshtua. Kidole hakikuwa chake, kilikuwa cha yule mpayukaji. Akiwa na hasira zake kifuani, na muda unakimbia, na watu wamesimama, akashusha mkono kwa mara ya pili, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima.

"Huyu ana wazimu," Katibu alisema kwa sauti iliyofika kila kona.

Mara ya tatu muda ulikuwa umebaki kiduchu. Mkono ulitetemeka waziwazi. Hata waliokaa nyuma waliuona. Aliuacha utetemeke. Alikiangalia kilengeo, hicho tu, akavuta triga polepole huku akitetemeka, na mlio ulipotoka ulimkuta bado anaangalia.

Risasi ilikuwa katikati kabisa ya duara jeusi. Haikutosha kumpita mwalimu, ambaye alichukua kombe kwa haki yake. Lakini hakuna aliyecheka. Sajini, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alimwambia tu, "Leo ulikuwepo," akaenda kutafuta chai.

Katibu alimjia akiwa bado anajifuta jasho. "Mama, ulitaka kuniua! Mbona ulishusha mara mbili?"

"Zile mbili hazikuwa zangu. Ya kwanza ilikuwa ya mwaka jana, ya pili ilikuwa ya hao wenye kelele. Mimi nimepiga yangu."

Baadaye Katibu alimtaka awahutubie wafanyakazi wapya juu ya kuishinda hofu. Alikataa. Alisema hofu hajaishinda, ipo, wanapanda nayo ngazi na kushuka nayo, na asingesimama mbele ya watoto wa watu kuwadanganya. Badala yake aliomba ruhusa ya kwenda kwenye mashindano ya wazi, yale wanayoshiriki polisi na wanajeshi. Kamati ikasema ataitia aibu hospitali. Akachukua likizo yake mwenyewe, akaenda kwa jina lake mwenyewe.

Huko alikutana na watu wanaolala na bastola. Alitetemeka, alishusha, aliinua, akalenga kadiri alivyojua, na akamaliza karibu na mkiani. Hakuna aliyemfahamu na hakuna aliyemzomea. Walikuwa na kazi zao. Washindani wenzake wakiwa bado wanafunga virago, alimfuata mwamuzi aliyekuwa anakusanya kadi.

"Samahani, usajili wa mwakani unaanza lini?"

Mwamuzi alitazama alama zake, kisha akamtazama yeye. "Bado sana, mama. Hatujamaliza hata mashindano ya mwaka huu."

"Najua," alisema, akiwa bado amevaa miwani ya kulengea. "Niandike wa kwanza."