Tundu la Katikati

Hasira yangu haijaisha mpaka leo, na sitajifanya imeisha.

Miaka ile ya Zaire nilikuwa natumika kazi ya telex, mashini ya kupeleka na kupokea habari kwa waya, kwenye biro ya reli, hapa Kalemie. Mashini ile haikujua herufi, ilijua matundu tu, matano kwa kila safu ya utepe wa karatasi. Safu ileile ni E ao ni 3, kufuatana na alama iliyotangulia. Matundu yote matano: andika herufi. Likikosekana la katikati: andika namba. Kwa hiyo tulikuwa na desturi ya kupiga moja ya alama zile mbili mwanzo wa kila mustari.

Askari mumoja alikuwa anakuja kila siku kuuliza habari za mama yake, mugonjwa kule Kongolo. Siku hiyo habari ikaingia, mashini ikatoboa utepe na kuichapa kwenye karatasi mbele ya macho yake. Mustari wa kwanza, jina la yule askari. Wa pili: .343 .9453

"Hizi njo namba za siri za waasi! Munanificha mama yangu?"

Papa niliyetumika naye, muzee mupole, akaanza, "Mwanangu, ni mashini tu..." Kitako cha bunduki kikampata mudomoni. Meno yakaanguka. Akajishika meza, akapigwa vidole, nikasikia mifupa. Kisha mudomo wa bunduki ukawekwa sikioni mwake.

"Soma, ao unakufa!"

Angesoma na nini, masikini, kinywa kimejaa damu? Mimi nilikuwa nimeshasoma kwa macho: yule wa Kongolo alikosea, alipiga alama ya namba pahali pa alama ya herufi. Lakini kwa kinywa changu angesema ni uongo, angetuua wote wawili. Wacha mashini iseme yenyewe.

"Ngoja!" nikapiga kelele. Nikachomoa pini kwenye nywele, nikatafuta kwenye utepe ile safu ya matundu mane, nikatoboa la katikati. Nikaurudisha utepe kwenye mashini.

Ikagonga: MERE MORTE. Mama amekufa.

Bunduki ikashuka. Akaketi chini, palepale kwenye damu ya Papa, akalia kama mutoto. Nilimuhurumia, na nikajichukia kwa kumuhurumia.

"Mama," akaniita, mara ya kwanza kwa heshima, "tafadhali, ziba lile tundu. Rudisha namba."

"Karatasi ikishatobolewa imetobolewa," nikamujibu. "Sogea, niokote meno ya Papa."