Karamu ya Rangi

Nakumbuka Alhamisi moja kule Tongaren, mwanangu, na kila nikiikumbuka hucheka peke yangu mpaka baba yako huuliza kama niko mzima. Jumatatu unaenda Kitale kuanza ualimu, na jana nilikusikia ukilalamika ati utawafundishaje watoto habari za wachoraji mashuhuri na shule haina hata rangi. Hebu keti. Chai itangoja.

Nilikuwa msichana wa mazoezi ya ualimu, nimewekwa darasa la nne la Mwalimu Nafula. Yule mama alipenda kuchora kuliko usingizi. Alikuwa na picha moja aliyoikata kwenye kalenda: meza, matofaa, mkate na jagi. Ilichorwa na mzee wa ng'ambo wa zamani sana, maarufu dunia nzima, mwenye jina lililotushinda sote kutamka. Lakini mwalimu mkuu alikuwa amechoka na mambo hayo. Alimwambia mbele yangu kwamba kesho yake wazazi wanakuja, na wasipoona kazi ya maana ukutani, kipindi cha kuchora atakigeuza kiwe cha hesabu.

Jioni hiyo Mwalimu Nafula akawatangazia watoto: "Kesho kila mtu aje na karamu!"

Alitaka kalamu za rangi, maskini. Unajua ulimi wetu huku, l na r ni kitu kimoja. Siku nyingine wangemwelewa. Sasa wageni wanakuja, mwalimu anasema karamu, mtoto ataelewa nini?

Asubuhi, wee! Ndizi, mahindi ya kuchemsha, viazi vitamu, chapati zimefungwa kwa leso. Msichana mmoja, Wanjiru, akaingia na kuku mzima kwapani. Kalamu, hata moja. Mimi nilitaka kulia.

"Mwalimu, si ulisema karamu?" Wanjiru akauliza. "Mama amesema ati wageni hawawezi kula ndizi tupu."

Mwalimu Nafula akamtazama kuku, kuku akamtazama. Halafu akacheka mpaka akashikilia meza. Hapo ndipo nilipompenda yule mama, na sijaacha. Akatandika leso, akapanga chakula chote juu yake, akabandika ile picha ya kalenda ubaoni.

"Mzee huyu alichora chakula chake kabla ya kukila," akasema. "Na hakuwa na kuku. Tumemshinda!"

Tukaokota makaa jikoni, tukachimba udongo mwekundu, tukaponda majani ya sukuma, mpishi akatupa manjano kidogo. Karatasi zilikuwa mifuko ya saruji tuliyoipasua. Watoto waliitazama picha ya mzee wao, wakatazama mahindi, wakaona vile mwanga unaangukia upande mmoja na kivuli kinakaa upande wa pili. Sijawahi kuona darasa limenyamaza hivyo. Aliyeongea ni kuku tu.

Wazazi wakaja saa nane, picha zikiwa zimebandikwa ukutani. "Woi, hizi si ni ndizi zangu!" mama mmoja akapaza sauti, na kila mtu akaanza kutafuta vyake ukutani. Mwalimu mkuu akasimama mbele ya picha ya kuku aliyoichora Wanjiru, akamuuliza msichana nani amemfundisha kuchora hivyo.

Wanjiru akaonyesha ubaoni. "Ni yule mzee, na Mwalimu Nafula." Utadhani wote wawili wanakaa Tongaren.

Mwalimu mkuu akakohoa, akaomba hindi moja. Kipindi hakikuguswa tena. Kuku naye alirudi nyumbani salama.

Kwa hivyo, mwanangu, usiwapeleke watoto kwa wachoraji wakubwa vichwa vikiwa vimeinama. Waketishe nao meza moja. Jina watalisahau, sisi sote tulilisahau, lakini kutazama hawatasahau. Na mambo yakikuharibikia mbele ya darasa, cheka kwanza, halafu uangalie kilichoko mezani.

Nenda salama. Mungu akupe kalamu, akupe karamu, na siku akikunyima moja, akufungue macho uione ile nyingine.