Birika la Tatu

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, maduka ya Musoma hayakuwa na birika. Hayakuwa na vitu vingi, sukari na sabuni zikiwemo, lakini birika ndilo lililonihusu. Watu wa vijijini walikuwa wamerudia vyombo vya udongo, na bibi yangu mzaa mama alikuwa mfinyanzi. Likizo ya Juni niliondoka nyumbani Nyasho, nikaenda kukaa kwake karibu na Butiama. Nilitaka anifundishe.

Chungu nilikimudu kwa wiki moja. Birika likanishinda. La kwanza niliuweka mdomo wake chini mno, likawa linamwaga kabla halijajaa. La pili lilidondoka mkono likiwa bado linakauka kivulini. Bibi alisema la tatu likiharibika nitakwenda kuchuma pamba na binamu zangu, na ufinyanzi basi. Hakuwa akitania.

Udongo tuliuchimba mbugani, mwendo wa nusu saa. Kanuni ilikuwa moja: ukishajitwika, husemi na mtu hadi ufike nyumbani. Bibi alisema shimo lile lina mwenyewe. Akisikia sauti ya aliyebeba udongo wake, humfuata, na kilicho chake hukichukua.

"Hata akipita padri, wewe nyamaza," aliniambia.

Yeye mwenyewe hakukosa kanisani Jumapili hata moja. Hilo halikumsumbua.

Siku niliyobeba udongo wa birika la tatu nilikutana na mwalimu wa shule ya kijiji akisukuma baiskeli. Nikampita kimya. Akasimama.

"Mtoto wa Nyasho, huko mjini hamsalimiagi wakubwa?"

Nilikuwa nimelelewa kupiga goti. Nikalitua bonge la udongo njiani, nikapiga goti, nikasema shikamoo. Akaitikia, akauliza hali ya mama, akaenda zake akicheka. Nikajitwika tena. Nyumbani sikusema kitu. Udongo huo niliukanda peke yangu, maana mtihani ulikuwa wangu.

Tulilichoma birika kwa kuni na samadi kavu. Likatoka jekundu, zima, linalia ukiligonga kwa ukucha. Bibi aliligeuza mara mbili, akasema, "Sasa hili ni birika." Nikaanza kuamini kwamba mwenye shimo hayupo, au siku ile hakusikia.

Siku ya nne bibi alimkaribisha jirani chai ya rangi, bila sukari. Alipomimina chai ndani ya birika, likalia kama bisi kikaangoni. Kipande cha ukubwa wa sarafu kikaruka kutoka ubavuni, chai ikachuruzika mkekani. Ndani ya tundu kulikuwa na chembe nyeupe.

Bibi hakunitazama. "Nyangeta, ulimjibu nani?"

Nikamtaja mwalimu. Jirani akasema mtoto asiyesikia dawa yake pamba. Bibi akajifunga kanga, akanishika mkono hadi nyumbani kwa mwalimu.

"Mwalimu, ukimwona huyu ana udongo kichwani, funga mdomo wako. Umenivunjia birika."

Mwalimu akaomba radhi. Tangu hapo, alipotuona tunatoka mbugani, alisimama akageukia vichaka hadi tupite. Nami sikwenda kuchuma pamba. Birika la nne lilidumu.

Miaka michache baadaye bidhaa ziliruhusiwa kuingia, mabirika ya bati yakajaa sokoni Bunda, na wateja wa bibi wakaisha. Mimi nikawa mwandishi wa habari. Siku moja nilimhoji fundi wa vyombo vya udongo mjini Musoma, nikamsimulia kisa hiki. Alisema ile chembe ni chokaa. Vijiwe vyeupe vya njia za mbugani vikinasa kwenye udongo, moto huvigeuza chokaa, nayo baadaye hunywa maji, huvimba na kupasua chombo.

Nikakumbuka mahali nilipoutua mzigo. Nikamkumbuka pia bibi, akiutomasa kwa vidole udongo wa birika la nne, anatoa vijiwe na kuvitupa bila kusema neno.

Angeweza kuniambia tu nisiutue chini. Nadhani ningeusahau ushauri huo palepale mbele ya mwalimu. Mwenye shimo sikumsahau. Mara zote zilizofuata nilifika nyumbani udongo ukiwa kichwani, shingo inauma.