Kisu cha Mzee Okeyo

Zadok Okeyo hushona nyavu za wavuvi pale Kigongo. Ana miaka hamsini kasoro miwili, elimu yake ni darasa la saba, na kwenye kikao cha ukoo hukaa karibu na mlango asije akaulizwa neno. Ila mwaka huu alipiga simu kwao Rorya bila kusukumwa na mtu, kwa sababu ya kisu cha kukunja.

Luhaga, mchimba mchanga, alikifukua kwenye mabaki ya mtumbwi uliofunikwa na tope. Kilikuwa ndani ya kopo la grisi, mpini wa pembe, pini za shaba.

"Si ulisema baba yako alipotelea upande huu?" Luhaga alimuuliza.

Ndivyo. Mwaka 1981 Mzee Okeyo aliingia ziwani na hakurudi, wala mwili haukuonekana. Kwa Wajaluo, mtu wa namna hiyo huzikiwa tunda la yago, refu kama mkono, likalazwa kaburini badala yake. Ndugu zake walikataa. Walidai alivukia Kenya akaoa huko, na kumzika mtu aliye hai ni kuuita msiba nyumbani. Sasa mama yake Zadok, Adoyo, haoni tena na kifua kinambana. Anataka yago lizikwe, ili siku yake ikifika alazwe ubavuni mwa mumewe.

"Visu vimejaa duniani," baba yake mdogo Gidion alimwambia kwenye simu. "Tafuta mjuzi. Akisema ni cha kabla ya mwaka ule, tutazika. Akisema ni cha juzi, tuache kusumbuana."

Mjuzi alikuwa Mzee Rwehumbiza wa Nyamagana, aliyeuza vifaa vya chuma tangu ujana wake. Zadok alilelewa akijua kwamba chombo hakipelekwi mbele ya mkubwa kikiwa kichafu. Basi alikaa siku nzima akikisugua kwa majivu na mchanga laini, kisha akampa mnoa visu, jiwe likapita upande huu na upande ule. Kisu kiling'aa. Alikifunga kwenye kitambaa cheupe akaenda mjini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hebu." Rwehumbiza alikifungua, akakisogeza kwenye mwanga, akapitisha kidole penye shina la bapa, karibu na mpini. "Nani amekisugua hivi?"

"Mimi, mzee. Nimekiandaa."

"Umekiandaa kama maiti!" Mzee alicheka, kisha alipomtazama usoni akaacha. "Mwanangu, umri wake ulikuwa hapa. Mhuri wa kiwanda. Pembe na shaba hazisemi kitu, nimeuza vya namna hii miaka yote. Mhuri ndio unaosema."

"Hakuna njia nyingine?"

"Chuma kilichoondoka hakirudi. Kinaweza kuwa cha baba yako. Kinaweza kuwa cha mtu yeyote."

Zadok alitaka kumwomba aandike tu mwaka kwenye karatasi. Badala yake alikifunga tena kisu kwenye kitambaa. Akashukuru, akatoka.

Jumamosi alifika Rorya. Gidion alimsikiliza akiwa amesimama, mikono nyuma.

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, baba mdogo. Kosa ni langu."

"Basi hatuziki."

Adoyo alikuwa kitandani, akasikia yote. Akanyoosha mkono. "Nipeni mimi. Nilikata samaki kwa kisu kile miaka tisa."

Zadok alimwekea kiganjani. Mama alikikunja, akakikunjua, akapima uzito. Uso ukaanza kuchangamka. Kisha dole gumba likaenda moja kwa moja kwenye shina la bapa, likatafuta, likarudi, likatafuta tena.

"Chake kilikuwa na maandishi hapa. Yalikuwa yanakwaruza kidole."

"Yalikuwepo, mama. Niliyafuta mimi nikikisafisha."

Adoyo akapapasa mpaka akaupata mkono wa mwanawe, akaupigapiga taratibu kama anayebembeleza mtoto.

"Hukuwa na haja ya kuninunulia kisu, baba," alisema. "Hela hiyo ungewanunulia watoto unga."

"Mama, sikukinunua."

"Haya. Asante. Nimekipokea."

Akakifunga, akamrudishia, akageukia ukutani. Zadok alibaki ameketi pale, kisu mkononi, akitafuta neno moja ambalo mama angeliamini.